Gari la Jeshi Lisilo na Jeshi

Gari la kijeshi hutofautiana na gari la raia kwa jambo moja ambalo wanunuzi wake wengi huligundua wakiwa wameshalipa, nalo ni kwamba gari la raia hubuniwa kwa ajili ya mtu, ilhali gari la kijeshi hubuniwa kwa ajili ya taasisi. Nyuma ya kila Landrova iliyowahi kubeba askari palikuwa na dereva aliyefunzwa, karani wa stoo aliyejua kila nati inakaa rafu gani, fundi mwenye karakana, ofisa wa kutia saini karatasi za matengenezo, na mlipa kodi ambaye hakuulizwa. Katika jeshi la Uingereza kazi hiyo ya ufundi ilikabidhiwa kikosi maalumu cha wahandisi wa umeme na mitambo, maarufu kwa kifupi cha REME, kilichoundwa Oktoba 1942 ilipobainika kwamba vita vya mitambo haviwezi kupiganwa na mafundi waliotawanywa huku na huko, kila kundi na mkuu wake. Mtu anayelinunua gari la namna hiyo likiwa limestaafu, akalileta nyumbani na kuliegesha chini ya mparachichi, huwa amepata gari bila kupata kikosi. Inafaa basi kuchunguza pengo hilo hujazwa vipi, na hasa hujazwa na nani, kwa kuitazama nyumba moja ya kawaida mjini Arusha ambayo, bila tangazo lolote la hali ya hatari, ilijikuta imeandikishwa jeshini yote.

Asili ya Landrova yenyewe ilitosha kuwa onyo. Mwaka 1947 Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa akitumia katika shamba lake kisiwani Anglesey, Wales, jipu la Kimarekani lililobaki baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na jipu hilo lilipoanza kuchoka hakuona gari jingine la kushika nafasi yake, ndipo akashauri kampuni itengeneze la kwake. Gari hilo lilioneshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, likiwa na bodi ya Birmabright, yaani mchanganyiko wa aluminiamu na magnesi, kwa sababu bati la chuma lilikuwa likitolewa kwa mgao wa serikali baada ya vita. Bodi hiyo haishiki kutu, sifa ambayo wauzaji wa Landrova kuukuu huitaja mapema na kwa sauti, wakijua kwamba chesisi iliyo chini yake, ambayo ni ya chuma, inashika kutu vizuri sana. Kwa maneno mengine, gari hili lilizaliwa kwa sababu mtu mmoja alichoshwa na gari kuukuu la jeshi, na ni vigumu kueleza kwa nini watu wanaoijua historia hiyo huendelea kwenda kununua gari kuukuu la jeshi.

Aina inayozungumziwa hapa ni ile ambayo jeshi la Uingereza liliiagiza kwa ajili ya kubebwa na helikopta, ikatengenezwa kati ya mwaka 1968 na 1984 juu ya chesisi fupi ya inchi 88, kipimo ambacho ni umbali wa ekseli ya mbele hadi ya nyuma na ni sawa na takribani mita 2.24. Sharti la jeshi lilikuwa kwamba gari lisizidi ratili 2,500, yaani kilo 1,134 hivi, ili helikopta ya Wessex iweze kulinyanyua likining'inia. Wabunifu wakapunguza upana, wakaondoa mapambo yote, na wakahakikisha kwamba milango, kioo cha mbele, bampa na sehemu za juu za ubavu vinafunguka kwa spana na kuachwa nyuma siku ya kuruka. Hata hivyo, lilipovuliwa kila kinachovulika bado lilipita kikomo kwa ratili 150, na lilipovalishwa vyote likawa zito kuliko Landrova ya kawaida ya raia, ambayo haikuwahi kumwahidi mtu wepesi. Jeshi likalipokea hivyo hivyo. Si mara ya kwanza wala ya mwisho kwa mzabuni kushinda kwa ahadi moja na kukabidhi kitu kingine.

Oktoba 2024 Arusha iliandaa tamasha la Landrova lililoyakusanya magari hayo kwa mamia, na mwenye gari wa habari hii alikwenda kutazama akiwa na gari dogo la Kijapani lisilo na tatizo lolote, akarudi na tatizo. Namna gari lenyewe lilivyofika mjini ilitegemea msimuliaji, kwa kuwa muuzaji alidai lilitoka Nanyuki, dalali akadai lilishushwa Mombasa likiwa jipya, na kadi ya gari ilijiepusha na ubishi huo kwa kutaja rangi tu, ambayo nayo haikuwa ile. Kuhusu rangi hapana mengi ya kusema: kijani kilipigwa msasa na kufunikwa kwa krimu mapema kabisa, kwa kuwa mke wa mwenye gari hakutaka kuulizwa maswali getini na watu waliovaa kofia.

Mke huyo ndiye aliyeshika, bila kuteuliwa na mtu, nafasi ya Hazina. Kila ombi la fedha lilipaswa kufika kwake likiwa na maelezo, na majibu yake yalikuwa mafupi: "Hiyo ni ada ya muhula wa pili, baba, tafuta nyingine." Mtoto mkubwa wa kiume alifanywa karani wa stoo, akapewa makopo ya Blue Band ili kila nati na bolti inayofunguliwa iwekwe katika kopo lake, na kila kopo lilibandikwa karatasi iliyoandikwa mahali zilikotoka. Mtoto mdogo alipewa tochi, kazi ambayo popote duniani hutolewa kwa mtu asiyejua kinachotazamwa, na akaimulika kwa uaminifu mkubwa sehemu ya injini iliyokuwa jirani na ile iliyohitajika. Shemeji, aliyewahi kupitia Jeshi la Kujenga Taifa na hakuruhusu jambo hilo lisahaulike, alijitwalia ukamanda. Hakuwahi kushika spana, lakini alisimama mbele ya gari mikono nyuma na kutoa amri kwa sauti iliyowafanya hata kuku wajipange.

Mfumo huu ulifanya kazi kwa ufanisi mpaka bibi alipokuja kusalimia kutoka Machame. Akiwa na nia njema kabisa, na akiwa ameshangazwa na makopo mazuri namna ile kujazwa vyuma vichafu, bibi alimwaga vyuma vyote katika ndoo moja, akayaosha makopo kwa maji ya moto na sabuni, akaweka ndani yake mbegu za maharage. Karani wa stoo aliporudi kutoka shule alikuta maharage ya Machame yamebandikwa karatasi inayosomeka "kifuniko cha valvu", na kwa kuwa aliyehusika ni mtu wa kuamkiwa shikamoo na si wa kuulizwa, uchunguzi rasmi haukufanyika.

Ndoo ile inaleta suala la spana, ambalo linastahili kuelezwa kwa upana kwa sababu ndilo lililomwaga damu nyingi kuliko mengine. Spana zinazouzwa katika maduka ya Arusha hupimwa kwa milimita, ilhali nati za gari hili hupimwa kwa inchi na visehemu vya inchi, tena kwa zaidi ya mfumo mmoja wa inchi, kwani zile ndogo za kabureta na za vifaa vya umeme zina kipimo chao. Baadhi ya vipimo vya mifumo hiyo miwili vinakaribiana kwa bahati: nati ya robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, na spana ya 19 huikubali bila mjadala. Nyingine hukaribiana kwa hila. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo spana ya 12 haiingii na ya 13 inaingia kwa ulaini unaoleta matumaini. Inashika, inavutwa, inaonekana kushinda, halafu katika sekunde ambayo mvutaji ameweka uzito wake wote inateleza, inazilamba pembe za nati, na vidole vya mvutaji vinaishia kwenye rejeta. Ikirudiwa mara chache, nati iliyokuwa na pembe sita hubaki duara, na hapo ndipo patasi na nyundo huitwa. Nati za sehemu tisa za kumi na sita za inchi, ambazo ni milimita 14.29, hazina rafiki katika seti nzima ya milimita, na kwa ajili ya hizo ilibidi iazimwe spana ya inchi kutoka kwa fundi mmoja mzee wa Unga Limited, aliyeitoa kwa shingo upande akisema, "Hii naitaka, mwanangu. Hii si ya kupotea." Ikapotea.

Umeme wa gari ulikuwa na historia yake. Gari hili lilitengenezwa kubeba redio za mawasiliano, na kwa sababu hiyo lilitumia volti 24 badala ya 12 za magari ya kawaida, zikitoka katika betri mbili zilizounganishwa mfululizo na kukaa kati ya viti vya mbele. Mfumo wake wa cheche ulikuwa umefunikwa kabisa: distribyuta, ambayo ni kifaa cha kugawa umeme kwa kila silinda kwa zamu yake, ilikaa ndani ya ganda la chuma, nyaya za plagi zilivikwa wavu wa chuma, na plagi zenyewe zilifungiwa vivyo hivyo, kwa kuwa kila cheche inayoruka hurusha mawimbi ya redio pande zote, na jeshi halikutaka kamanda asikilize plagi badala ya amri. Vifaa vya namna hiyo ni adimu na ni ghali, hivyo mmiliki wa awali aliamua kulishusha gari hadi volti 12 na kuweka distribyuta, koili na plagi za kawaida, uamuzi ambao mtaalamu yeyote angeuunga mkono kama ungekamilishwa. Ulikomea pale fedha zilipokomea. Balbu zilibaki zile zile za volti 24, ambazo zikipewa nusu ya chakula chake hutoa mwanga wa kumwonesha mtu kwamba taa ipo bila kumwonesha kingine chochote.

Swichi ya taa nayo ilibaki ya kijeshi. Ina nafasi kadhaa, na mojawapo huzima taa zote na kuacha taa moja ndogo chini ya gari kwa nyuma, inayomulika kasha la difu, yaani gia zilizo katikati ya ekseli, ambalo hupakwa rangi nyeupe makusudi ili dereva anayefuata katika msafara wa usiku aone doa la kufuata huku rubani wa adui asione kitu. Katika nafasi hiyo hata taa za breki hunyamaza, jambo la busara mbele ya adui. Katika Barabara ya Sokoine, jioni, mbele ya daladala iliyofuata kwa karibu, busara hiyo haikuonekana, na maneno ya konda wa daladala ile hayanukuliki katika maandishi ya aina hii.

Yote hayo, hata hivyo, yalikuwa mapambano madogo ya mpakani. Vita kuu ilikuwa ya injini. Injini ya petroli ya silinda nne yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, iliyoanza kuwekwa katika Landrova mwaka 1958, ni miongoni mwa injini zinazoeleweka kwa urahisi kabisa, kwani haina kompyuta wala kihisio, na inachohitaji ni hewa iliyochanganywa na petroli katika kabureta, mgandamizo ndani ya silinda, na cheche kwa wakati wake kwa mpangilio wa 1, 3, 4, 2. Cheche huzalishwa hivi: ndani ya distribyuta kuna midomo miwili midogo ya chuma inayogusana na kuachana, ikiachana kwa upenyo wa milimita 0.35 hadi 0.40, ikigusana umeme hupita katika koili, na ikiachana umeme hukatika ghafla, koili ikatoa volti maelfu kwa maelfu zinazoruka kwenye ncha ya plagi. Mtu mwenye bisibisi, kipande cha msasa laini na subira anaweza kuirekebisha akiwa porini, na ni kwa sababu hiyo hiyo kila mtu mtaani anaamini anaweza kuirekebisha.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa ajabu. Injini iliwaka vizuri ikiwa baridi, ikanguruma uani kwa utulivu muda wowote iliotakiwa, ikatoka getini, ikapanda mlima wa jirani kwa gia ya pili mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi sakafuni bila kulalamika. Lakini mara gari lilipofika tambarare na dereva akalegeza mguu ili kwenda mwendo wa kutulia, injini ilianza kumisi, yaani kuruka mapigo, gari likawa linashtuka-shtuka, dereva akakanyaga klachi, na injini ikazimika. Hapo waliitwa vijana wa mtaa, ambao katika mpangilio wa kijeshi walikuwa askari wa miguu, wakasukuma kwa kelele na mruzi, na injini ikawaka mara moja. Sifa walipewa vijana pamoja na fedha za soda, ingawa ukweli uliojulikana baadaye ni kwamba ingewaka hata kwa kuguswa stata tu. Dalili yenye thamani kuliko zote, ile ya gari kushinda mlima na kushindwa na tambarare, ilikuwa wazi kwa kila mtu, na kila mtu aliipita akielekea kwenye dalili aliyoipenda.

Fundi wa kwanza alikuwa mtu wa petroli. Alifungua kabureta, akaonesha kwamba kifuniko chake kimepinda kwa joto la miaka mingi na kinaruhusu petroli kupita pasipotakiwa, jambo ambalo lilikuwa kweli, na dawa yake ilikuwa kukilaza kifuniko juu ya msasa uliotandazwa kwenye kioo bapa na kukisugua mpaka kinyooke. Kioo bapa pekee kilichopatikana kilikuwa cha kabati la vyombo, na Hazina iligundua matumizi hayo kutokana na harufu ya petroli iliyokuwa ikitoka kwenye vikombe vya wageni. Injini ikanguruma uani kwa utamu zaidi kuliko awali na kuzimika tambarare pale pale.

Fundi wa pili alikuwa mtu wa joto. Aliiwekea koili mkono, akautoa haraka, akatangaza kwamba koili ikipata moto hukata, nadharia yenye heshima katika vitabu vyote vya ufundi, na akaithibitisha kwa kuivika koili kitambaa kilichoroweshwa maji, ambacho kilikuwa cha jikoni. Koili mpya ikanunuliwa. Wa tatu alikuwa mtu wa matangi. Gari la aina hii lina matangi mawili chini ya viti, na bomba la kuchagulia tangi. La kushoto lilikuwa na petroli ambayo hakuna aliyejua ilinunuliwa wakati wa rais gani, na petroli ikikaa miaka hubadilika kuwa kitu cha kunata chenye harufu ya vanishi. Tangi likasafishwa, pampu ikabadilishwa. Shemeji hakutaka kuachwa nyuma, akaeleza kwamba tatizo ni mji wenyewe, kwa kuwa Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na injini iliyozoea hewa ya Uingereza inakosa pumzi. Akashauri gari lishushwe Tanga. Hoja yake ya kisayansi ilikuwa sahihi, ila haikueleza kwa nini pumzi ipatikane mlimani na ikosekane tambarare.

Hapa pana jambo ambalo watu wanaowalaumu mafundi hawalizingatii. Hakuna hata mmoja wao aliyedanganya. Kifuniko kilikuwa kimepinda, koili ilikuwa imechoka, tangi lilikuwa chafu, na katika gari la umri ule mtu akifungua sehemu yoyote atakuta hitilafu halali inayostahili fedha halali, ndiyo maana utafutaji wa hitilafu moja inayosababisha tatizo huwa mgumu mahali penye hitilafu nyingi zisizosababisha chochote. Jambo la pili ni tabia ya injini mbele ya fundi: iliwaka kwa adabu, ikanguruma bila kukosea, na fundi akamtazama mwenye gari kwa macho ya mtu aliyeitwa bure. Mwenye gari alijaribu hata kuuigiza ugonjwa kwa mdomo, akitoa mlio wa kumisi na kutikisa mabega, na ingawa igizo hilo lilisifiwa na watoto wa jirani, halikuongeza lolote katika utambuzi.

Aliyefumbua fumbo hakuja kutengeneza gari. Fundi mzee wa Unga Limited alikuja kudai spana yake. Alipoambiwa kwamba inatafutwa, aliamua kuisubiri papo hapo, akavuta kigoda, akakaa mbele ya injini iliyokuwa ikinguruma, akauliza inasumbua nini. Akaelezwa yote, na katika maelezo hayo akasimamisha sehemu moja tu: "Mlimani inapanda?" Inapanda. "Ukikanyaga sana haizimiki, ukikanyaga kidogo ndiyo inazimika?" Ndivyo. Mzee akatikisa kichwa, akainuka, akachomoa bomba jembamba linalotoka kwenye kabureta kwenda kwenye distribyuta, akaweka mdomoni upande ule wa distribyuta na kuanza kulinyonya, mashavu yamebonyea, macho yameelekea angani, kama mtu anayemalizia dafu. Injini ikazimika. Akaachia, akaomba iwashwe, ikawaka. Akanyonya, ikazimika. Watoto wakapiga makofi, shemeji akaondoa mikono nyuma.

Maelezo yake ni haya. Bomba lile hupeleka mvuto wa hewa kutoka kwenye kabureta hadi kwenye kisahani kidogo ndani ya distribyuta, na kisahani hicho, ambacho ndicho kilichobeba ile midomo miwili, huvutwa na kuzunguka kidogo ili cheche itokee mapema zaidi gari linapokwenda mwendo mwepesi. Injini ikinguruma tu bila kukanyagwa mafuta, mvuto haufiki huko. Mafuta yakikanyagwa hadi mwisho, mvuto hupotea. Unapokuwa na nguvu ni pale mguu unapogusa mafuta kidogo, yaani tambarare. Kwa kuwa kisahani kinacheza, umeme wake hurudi kwenye mwili wa distribyuta kupitia waya mmoja mfupi, mwembamba, uliovikwa uzi wa pamba, usiozidi urefu wa kidole. Mzee aliung'oa waya huo na kuushika kwa ncha za kucha mbili: kwa macho ulikuwa mzima, kitambaa chake hakina hata mchubuko, lakini alipouvuta taratibu ukarefuka, jambo ambalo waya wa shaba haupaswi kulifanya, kwa kuwa nyuzi za ndani zilikuwa zimekatika zote na kilichobaki ni ala. Kisahani kikitulia, ncha zilizokatika ziligusana na umeme ukapita. Kikivutwa ziliachana na cheche ikakata. Injini ilipozimika mvuto uliisha, ncha zikagusana tena, ndiyo sababu wasukumaji hawakushindwa hata siku moja.

Waya wa badala ulitakiwa kuwa laini na wenye nyuzi nyingi nyembamba, kwani waya mgumu ungezuia kisahani kucheza au ungevunjika upesi, na mzee akauliza kama nyumbani mna pasi ya zamani iliyoharibika. Waya wa pasi ulikatwa, ukachomelewa kwa risasi, ukafungwa, na gari likaenda tambarare mpaka Usa River na kurudi. Spana ilipatikana jioni ile ile chini ya maharage, na malipo ya mzee yakawa spana hiyo na chai. Hazina iliomba orodha ya vitu vyote vilivyonunuliwa kabla ya waya wa pasi ili virudishwe madukani, ikaoneshwa maandishi yaliyo chini ya kila risiti: mali ikishauzwa hairudishwi.

Kwa kuwa gari sasa lilikuwa linawaka na kuendelea kuwaka, tatizo jingine lilijitokeza. Mzee wa nyumba ya pili husikiliza mpira kwa redio yake ya masafa ya kati, na plagi zisizo na kifuniko zilianza kuingia katika matangazo yake, zikipasua maneno ya mtangazaji kila injini ilipoguswa, kiasi kwamba mzee aliweza kusema, bila kutoka sebuleni, gari limebadilisha gia saa ngapi. Alivumilia mpaka bao la dakika za majeruhi lilipofungwa katikati ya mlio na yeye akabaki hajui ni la nani. Shauri likafika kwa mwenyekiti wa mtaa, likasikilizwa kwa heshima, na mkataba ukaandikwa kwenye karatasi ya daftari: injini isiwashwe Simba au Yanga inapocheza, muda wa nyongeza ukihesabiwa, na mwenye gari aendelee kutafuta zile nyaya zenye wavu wa chuma. Kifungu cha mwisho, kilichoongezwa na vijana wenyewe kabla ya saini, kinasema kwamba gari likizimika barabarani siku ya mechi, wasukumaji hawatatoka mpaka mapumziko.